Rangi ya Kucha Kwenye Kifuniko cha Tapeti

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alianguka kutoka juu ya trela ya kahawa katika shamba moja nje ya Ruiru, nyonga ikavunjika. Nyumba tuliyokuwa tunalala ilikuwa ya mfanyakazi, na yeye hakuwa mfanyakazi tena, kwa hiyo kufika mwisho wa mwezi tulikuwa nje na vyombo vyetu. Nilikuwa darasa la tatu. Nikaweka kitabu chini. Kusoma najua, gazeti nalimaliza, lakini kwa kidole na bila haraka.

Sisemi hivi ili mtu anihurumie. Nimekula vizuri kwa miaka mingi. Nasema ili nikianza kueleza habari za injini mtu asiniulize nilisomea chuo gani. Nilisomea Thika, kwa poshomili, chini ya mzee mmoja aliyekuwa na vidole saba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia unga. Ya pili ilikuwa kubeba maji ya kupoza injini. Ya tatu, baada ya mwaka na nusu, ilikuwa kusimama kando ya ile injini ya dizeli kila Jumatatu asubuhi kabla haijawashwa, nimshikie taa akipima tapeti.

"Kwa nini asubuhi?" nilimwuliza jioni moja. "Si tufungue saa hii, watu wa kusaga wameisha?"

"Shika hapo," akasema, akinionyesha kichwa cha injini.

Nikashika. Nikaruka nyuma nikipuliza mkono, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Umeona? Injini moto ni kama mlevi. Ukimwuliza kitu atakujibu, tena kwa sauti kubwa, lakini kesho akiamka si hivyo alivyosema. Ngoja ipoe ndio uiulize."

Nilifanya kazi kwake miaka tisa. Akafa, poshomili ikauzwa, nikahamia matrekta, kisha magari, na pikipiki zilipojaa barabara hii yote kutoka Githurai mpaka Thika nikaziendea. Watu wa rika langu walizidharau. Walisema ni baiskeli zenye kelele. Mimi niliona injini, na kila injini iliyo na valvu ina tapeti, na kila tapeti italegea au itajikaza siku moja, na siku hiyo mwenyewe atatafuta mtu. Nikajenga kibanda cha mabati nyuma ya steji ya Ruiru na nikangoja. Sikungoja sana.

Wacha nieleze kwa yule asiyejua, halafu tuendelee.

Juu ya injini ya pikipiki kuna valvu mbili. Moja ni mlango wa kuingiza hewa na petroli, ya pili ni mlango wa kutoa moshi. Kila mlango unasukumwa na kidole cha chuma kinachoitwa roka. Kati ya roka na valvu lazima kuwe na nafasi, nyembamba kama unene wa wembe. Hiyo nafasi ndiyo tunaiita tapeti. Skrubu ya kuirekebisha nayo tunaiita tapeti, na kifuniko chake ni cha tapeti, na ugonjwa wake ni tapeti. Sisi si watu wa kupoteza majina.

Nafasi ikiwa kubwa, roka inagonga: tak, tak, tak. Pikipiki inapiga kelele, nguvu inapungua kidogo, lakini itakupeleka Juja na kukurudisha. Nafasi ikiisha kabisa, hapo ndipo kuna hatari, maana chuma kikipata moto kinarefuka. Valvu inakosa mahali pa kurudi. Mlango haufungi mpaka mwisho. Moto unapita pale pembeni kila mara injini inapolipua, na unaila valvu kidogo kidogo kama panya anavyokula gunia. Na wakati wote huo hakuna mlio. Kimya. Mwenyewe anaendesha akifurahi.

Sasa wewe ungechagua gani? Waendeshaji wa hapa wanachagua kimya. Kila asubuhi ananijia mtu, ananiita guka, yaani babu: "Guka, hii kitu inalia, nyamazisha." Nikimwambia injini nzuri lazima isikike kidogo, kama cherehani kwa nyumba ya jirani, ananiangalia kama mzee aliyebaki nyuma.

Kuhusu wakati wa kuangalia, watu huniuliza wakitaka jibu refu. Jibu ni fupi. Pikipiki mpya, ikishatembea zile kilomita za kwanza na ukaenda kumwaga oili ya kwanza, fungua tapeti siku hiyo hiyo, kwa sababu vyuma vipya bado vinatafutana. Baada ya hapo, kwa mtu wa boda anayezunguka kutwa, kila oili ya pili. Usingoje dalili. Lakini kama umengoja, dalili ni hizi: inakataa kushika asubuhi mpaka mguu uchoke, inazima ukisimama kwa taa, inachoka kwa mlima ambao jana ilipanda, inapiga risasi kwa ekzosi. Na moja ambayo watu hawaamini: ikiwa ilikuwa inasikika na ghafla imekuwa kimya bila mtu kuigusa, ilete siku hiyo. Na uilete ilale kwangu. Asubuhi, ikiwa baridi kama jiwe la mto, ndipo nafungua.

Hayo nilikuwa nayajua siku alipokuja dalali nitakayemtaja. Ndiyo maana nayaandika mbele, ili mtu asiseme nilikosea kwa kutojua.

Lakini kwanza niseme habari ya rangi. Mke wangu alikuwa na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ya kung'aa, aliyopewa kwa harusi ya mpwa wake. Hakuipaka hata mara moja. Mimi nikaona itanifaa. Nilipomaliza kufunga tapeti za mtu niligusa kifuniko kwa ile brashi ndogo, tone moja kwa kifuniko, tone moja kwa chuma cha injini, yakitazamana. Kama mtu mwingine angefungua, matone yangeachana na ningejua. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili nitaisema pia, maana mimi si mtu wa kuficha: nilipenda kuona rangi yangu ikipita barabarani. Ilifika mahali mafundi wa Juja na Thika wakiona yale matone hawafungui. Walisema, "Hapa mzee ameshapita, tafuta shida kwingine." Nilikuwa kama daktari wao. Mke wangu aliitafuta chupa wiki mbili, akanikuta nayo mkononi.

"Haiya! Baba, kumbe ni wewe unapaka kucha?"

"Napaka pikipiki."

"Basi pikipiki zako zimekuwa na bahati kuliko bibi yako."

Akaniachia. Baadaye alikuwa akininunulia nyingine yeye mwenyewe.

Basi ilikuwa Desemba, miaka michache tu iliyopita. Dalali mmoja wa pikipiki kuukuu, kijana mwenye maneno mengi kuliko meno, alifika saa nne na pikipiki nyeusi iliyokuwa inagonga kama mtu anavunja mahindi. Ilikuwa imetoka mbio, moshi bado unanukia.

"Niaje guka! Hii inyamazishe chap chap. Mnunuzi anafika saa sita."

"Iache ilale, nitaifungua kesho."

"Kesho atakuwa amenunua ya mwingine. Wewe si ndiye fundi? Ama nipeleke kwa yule wa kule chini? Anasema wewe siku hizi macho yamekwisha."

Huyo kijana alijua pa kunigusa. Yule wa kule chini nilikuwa nimemfundisha mimi kushika spana. Nilifungua kifuniko nikiwa na kitambaa mkononi kwa sababu ya joto, nikalegeza nati, nikazungusha skrubu mpaka nafasi ikaisha, nikakaza. Fila, lile fungu la vipande vyembamba vya chuma vya kupimia, halikutoka hata kwenye boksi. Dakika ishirini. Nikaiwasha, na pikipiki ikanyamaza kama kanisa Jumatatu.

Dalali akapiga makofi. "Guka, wewe ni mchawi! Sasa tia ile rangi yako, mnunuzi aione."

Nikatia.

Sitasema nilisitasita. Nilitia matone mawili mazuri, ya duara, na nikasimama nyuma kuyaangalia.

Januari ikafika. Alhamisi moja, shule zikiwa zinafunguliwa Jumatatu, nilimwona mtu anasukuma pikipiki kutoka upande wa barabara kuu. Mtu mzima, karibu rika langu, kofia nyeupe ya kufuma kichwani, shati limelowa mgongoni. Nyuma ya kiti kulikuwa na mafurushi mawili makubwa yaliyofungwa kwa mpira, na mengine mawili yananing'inia kando. Waendeshaji watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi yangu wakingoja kazi zao. Mmoja akainuka akamsaidia kuivusha mfereji.

"Habari ya asubuhi, fundi," akasema yule mzee.

"Nzuri. Karibu. Umetoka nayo wapi?"

"Nimetoka Thika, Majengo. Imezima baada ya Juja, pale mlimani. Si mara ya kwanza. Asubuhi naipiga mateke mpaka goti linauma, ikishika inakwenda vizuri, ikipata moto inakata nguvu, kisha inazima. Nikiketi kando ya barabara nusu saa, inawaka tena. Leo imekataa kabisa."

"Umeonyesha nani?"

"Wawili Thika, mmoja Juja. Wamebadilisha plagi, wameosha kabureta, wamebadilisha koili. Hiki hapa," akainama, akaweka kidole kwenye kifuniko cha tapeti, "hawakufungua. Walisema rangi hii ni ya fundi wa Ruiru, kwa hiyo hapa hapana shida. Ndipo nikaona nije kwa mwenyewe. Rangi hii ni yako?"

Nikaangalia. Matone mawili, yanatazamana, hayajasogea. Pikipiki nyeusi.

"Ni yangu," nikasema.

"Basi tapeti ni nzima?"

Nilimwambia, "Imepata moto. Tuiache ipoe." Hiyo ilikuwa kweli, lakini niliitumia kama mtu anavyotumia mlango wa nyuma.

Nikaagiza chai. Akakaa kwenye debe, akaniambia habari zake, maana mtu akingoja anasema. Alikuwa fundi wa nguo. Miaka thelathini Majengo, sare za shule ndizo kazi yake kubwa. Alikuwa na cherehani mbili. Ya pili alikuwa ameiuza Desemba ili anunue pikipiki, apeleke mzigo mwenyewe, kwa sababu mwaka uliotangulia mtu wa kumbebea alimchelewesha na shule moja ikampa kazi mtu mwingine. Mafurushi yale yalikuwa sketi na mashati ya shule tatu: moja Juja, ambayo angeipitia wakati wa kurudi, moja Ruiru, moja Kahawa Wendani. Alikuwa ameahidi yafike siku hiyo kabla ya saa kumi. Yasipofika, wazazi wangenunua dukani Ijumaa na Jumamosi, naye angebaki na sketi za rangi isiyovaliwa na mtu mwingine yeyote Kenya nzima. Na cherehani moja.

"Unajua," akasema, "niliposikiliza pikipiki hii siku ya kuinunua, moyo ulikataa kidogo. Haikuwa na mlio. Mimi cherehani yangu ikinyamaza ghafla najua sindano haishiki uzi. Nikamwambia yule kijana, mbona hii haisikiki? Akanionyesha rangi. Akasema, mzee, hii imepita kwa daktari. Nikajiambia, mimi ni fundi wa nguo, najua nini habari za injini?"

Alijua kila kitu. Mtu ambaye hajawahi kushika spana alisikia kwa sikio lake kile nilichofundishwa nikiwa na miaka kumi na miwili, na akaacha kulisikiliza sikio lake kwa sababu ya rangi ya kucha ya mke wangu.

Sasa, nilikuwa na njia. Ningeweza kufungua, kurekebisha, kufunga, na kusema ni vumbi. Angeshukuru. Waendeshaji watatu wangesema mzee ameweza tena. Niliiona hiyo njia vizuri, ilikuwa pana na ya lami. Lakini valvu ilikuwa imeliwa au haijaliwa, hiyo haibadiliki kwa maneno yangu, na yule mzee alikuwa ameniuliza swali la ndiyo au hapana. Mimi nimewaita watu waongo usoni kwa miaka arobaini. Singeweza kuanza kumung'unya uzeeni.

"Fundi," nikamwambia, "tapeti si nzima. Niliziharibu mimi."

Akashusha kikombe.

"Yule kijana aliniletea ikiwa moto, akataka inyamaze. Nikaikaza mpaka mwisho ili usisikie. Nilijua si sawa. Nikatia rangi juu yake."

Kisha mwendeshaji mmoja, mnene, akasema polepole, "Ai, guka!" Mwingine akaangalia pikipiki yake mwenyewe, kifuniko chake, matone yangu mawili mekundu. Nilimwona akiyaangalia.

Yule fundi wa nguo hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati akatoa wembe uliokunjwa kwenye karatasi ya sigara.

"Unaujua huu?" akaniuliza.

"Ni wembe."

"Ni wa kufumulia. Mwanafunzi wangu akishona vibaya, huenda akapiga pasi juu yake, mshono ukalala, mteja asione. Mimi simwambii apige pasi tena. Nampa wembe." Akanyoosha mkono. "Shika. Fumua."

Nikauchukua. Mbele yake na mbele ya wale watatu nilipiga magoti nikakwangua rangi yangu kwenye kifuniko na kwenye chuma mpaka ikabaki alama nyeupe tu. Haikuchukua hata dakika moja. Ilinichukua kitu kingine.

Kisha nikasimama, maana magoti yangu hayapendi chini. "Pikipiki yako hailali barabarani tena," nikamwambia. "Itabaki hapa. Mzigo wako unafika leo. Panda yangu."

"Wewe ndiye utakayebeba?"

"Unaona mwingine?"

Yule mwendeshaji mnene akaanza kucheka. "Guka na sketi! Hii lazima niione."

Tukafunga mafurushi kwenye pikipiki yangu, yeye nyuma ameyakumbatia kama mtoto mgonjwa, na tukaenda. Nilianza na Kahawa Wendani kwa sababu ndiyo ya mbali zaidi kutoka Thika, kisha shule ya hapa Ruiru, kisha tukarudi juu mpaka Juja. Sikuendesha kwa haraka. Mtu aliyeketi nyuma yangu alikuwa na sababu ya kuniogopa. Njiani aliniambia neno moja tu, tulipopita pale alipozimikiwa: "Hapa," akasema. Nikaitikia, "Nimepaona."

Juja tulifika zikibaki dakika chache saa kumi ipige. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani kwenye kamba, alitoka ofisini akatuona wazee wawili wenye vumbi, mmoja na kofia ya kufuma, mmoja na mikono ya oili, na sketi mia na kitu katikati yetu.

"Kati yenu nani ndiye fundi?"

"Sote," akasema mwenzangu.

"Basi huyu fundi wa mikono myeusi asiguse mashati."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile yule mzee kucheka. Akacheka akishika mlingoti wa bendera. Mwalimu akahesabu, akaridhika, akasema muhula wa pili anataka masweta. Nilisimama mbali na mashati kama nilivyoambiwa.

Nilimpeleka nyumbani Majengo, nikarudi Ruiru, na jua likiwa bado lipo nikavua kichwa cha injini yake. Nilikigeuza, nikamimina petroli kidogo kwenye tundu la moshi na kuangalia upande wa pili. Valvu nzima haipitishi hata tone. Hii ililowa pembeni, polepole. Nikaitoa. Ukingo wake ulikuwa umeanza kuwa na mabaka ya kijivu, kama meno ya mtu wa tumbaku, lakini haujakatika. Wiki moja zaidi ya mlima ule na ingekuwa ya kutupa, pamoja na kiti chake. Nikaisaga kwa dawa ya mchanga laini, nikizungusha kwa viganja kushoto na kulia, nikifuta, nikiangalia, nikirudia, mpaka ikatoka pete moja ya kijivu safi isiyokatika popote. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Nikarudisha kichwa, nikakaza nati kwa zamu kama inavyotakiwa, na tapeti nikaziacha. Chuma kilikuwa na joto la mikono yangu tu, lakini nilijiambia, hapana, asubuhi.

Asubuhi yule fundi wa nguo alikuwa mlangoni kabla yangu, ameletwa na gari la kwanza. Sikumwomba aje. Alikuja kusikia.

Nikamwonyesha kila kitu, maana alikuwa na haki. Nikafungua kifuniko cha magneti, lile gurudumu la chuma linalozunguka na injini, nikazungusha kwa spana mpaka alama ya T ikaja kwenye dirisha lake. Nikazitikisa roka zote mbili kwa vidole: zikacheza. Hiyo maana yake pistoni iko juu na milango yote imefungwa. Kama zingekuwa zimekaza ningezungusha raundi moja nyingine. Nikatoa fila. Mimi tarakimu ndogo zile hazinisomeki hata kwa miwani, kwa hiyo vipande viwili ninavyotumia nimevikata pembe kwa tupa: pembe moja ni ya hewa, pembe mbili ni ya moshi, ambayo inahitaji nafasi zaidi kwa sababu ndiyo inayokaa motoni.

"Jaribu wewe," nikamwambia. "Kivute. Kisipite bure, kisikwame."

Akakivuta mara mbili, akafumba macho. "Kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani," akasema. "Kinashikwa, lakini kinapita."

"Hapo hapo. Hapo ndipo nati inakazwa. Na ukishakaza unapima tena, kwa sababu skrubu hupenda kufuata nati."

Nikafunga. Akapiga teke moja. Ikashika. Tukasimama wote wawili tumeinamisha vichwa: tik-tik-tik-tik, ndogo, sawa, haina haraka.

"Sasa inashona," akasema.

Nikachukua chupa ya rangi, kisha nikaona aibu nikairudisha rafuni. Yeye akaniangalia. "Tia," akasema. "Hii umeifanya mbele yangu." Nikatia.

Wembe wake nilimrudishia. Akakataa. "Kaa nao, fundi. Mimi ninazo nyingi."

Msifikiri mambo yaliishia kwenye kicheko. Maneno yale yalizunguka steji zote kabla ya chakula cha mchana, na kwa miezi mingi niliulizwa, "Guka, hii rangi ni ya kweli ama ni ya dalali?" Wengine walihamia kwa yule wa kule chini. Niliita kila pikipiki niliyokumbuka kuinyamazisha kwa haraka, zilikuwa nne, tatu zikaja, nikazifungua bure zikiwa baridi. Ya nne iliuzwa Murang'a, sijui iko wapi, na nikisikia injini kimya barabarani bado nageuza kichwa. Dalali alirudi Pasaka na nyingine inayogonga.

"Guka, nyamazisha."

"Iache ilale."

"Mnunuzi anafika saa sita!"

"Basi afike aisikie inavyolia. Ni yake, ana haki ya kuisikia."

Akaondoka akinitukana kwa heshima, kama wanavyofanya hawa vijana. Waliohama, wengi wao wamerudi. Hakuna aliyewaita. Ni valvu ndizo zilizowarudisha.

Mimi sasa ni mzee, na nilichonacho ni hiki. Ploti moja Ruiru, karatasi yake iko kwa jina langu. Nyumba ya mawe, vyumba vitatu. Vyumba vinne vya kupangisha nyuma yake, vimejaa. Ng'ombe wawili, mmoja anakamuliwa. Kibanda cha mabati na cha pili ubavuni mwake. Pikipiki moja, naijua kila nati. Seti mbili za spana na fila moja yenye pembe zilizokatwa. Masikio mawili, la kushoto limepungua. Kitambaa cha kaki kilichoshonwa Majengo kwa uzi mwekundu, kimetundikwa mlangoni, kimeandikwa INJINI MOTO HATUFUNGUI. INJINI HATUNYAMAZISHI. Chupa ya rangi ya kucha, imefika nusu. Wembe mmoja. Na pikipiki nyeusi si yangu, lakini kila oili ya pili inalala kwangu.